Biashara ya kwetu na bajeti ya komini: mulango uko wapi?

Kila asubuhi mutu wa tike anapita mu masoko ya Lubumbashi. Iwe ku Kenya, ku Katuba ao ku Ruashi, anasimama mbele ya meza ya bunga, ya samaki ya kukauka, ya nyanya. Anakata karatasi, anapokea franga, anaenda ku meza ingine. Mama anaweka ile tike chini ya meka, anaendelea kuuzisha. Umuulize franga inaenda wapi, atajibu bila kufikiri: "Ku komini." Umuulize tena: na ku komini inafanya nini? Hapo anakutazama sawa vile umetoka mbali.

Si kosa yake. Watu wa biashara ndogo mu huu muji wanalipa karibu kila siku, lakini ni mara chache mutu anawaita siku ya kuamua ginsi ile franga itatumika. Na wengi kati yao ni watu wa nyumba ya muchimbaji: bibi ya mutu mwenye anafanya kazi ya usiku ku mugodi, kijana mwenye alifungua fasi ya kukata nywele, baba mwenye alitoka ku kampuni na akanunua mashini ya kusaga mahindi. Mushahara wa mugodi unakuja mwisho wa mwezi. Ile meza njo inalisha nyumba kati ya mushahara na mushahara.

Basi tuulize waziwazi: mutu mwenye kuwa na biashara mu Lubumbashi, mukubwa ao mudogo, anaweza kuingia namna gani mu mambo ya utawala wa muji, bila kuacha kazi yake, bila kuvaa shati ya chama chochote? Milango iko. Ingine imeandikwa mu sheria, na watu wengi hawajaigonga hata siku moja.

Wakati kampuni ilikuwa serikali

Ili kuelewa kwa nini hatuna mazoea ya kugonga ku komini, turudie kidogo kunyuma. Muji huu ulizaliwa mu 1910, na jina la Elisabethville, juu ya shaba. Union Minière, yenye ilianzishwa mu 1906, ilijenga makambi ya wafanyakazi, masomo, hospitali. Kisha Gécamines ikakamata ile kazi kuanzia 1967. Mufanyakazi alikuwa anapata nyumba, masomo ya watoto, dawa, na bunga ya kila mwezi. Wazee wetu walikuwa wanasema kampuni ni baba, kampuni ni mama. Taa ya avenyu ikizimika mu kambi, hukuandikia burgumestri. Uliambia shefu wa kambi.

Ile dunia ilivunjika polepole mu miaka ya 1990, halafu mara moja mu 2003 na 2004, wakati wafanyakazi 10 655 wa Gécamines walitoka mu ile mupango yenye iliitwa départs volontaires, na franga ya Banki ya Dunia. "Volontaires" ni neno tu. Kila mutu mu Likasi, Kolwezi na Lubumbashi anajua ginsi ilipita. Na ile franga ya kutoka, wengi walijaribu biashara: kamiyo, mashini ya kusaga, duka ndogo mbele ya nyumba, kuku. Biashara mingi zilikufa mbele ya mwaka kuisha. Zile zenye zilibaki, mara mingi zilibaki juu ya bamama.

Kampuni za leo zinalipa mushahara, lakini nyingi hazitengenezi avenyu yako na hazizoi takataka ya soko. Ile kazi ilirudia ku mwenye nayo mu sheria, maana yake komini na muji. Sisi tulibaki na mazoea ya zamani: tunangojea kampuni ao tunangojea gavana. Ku komini tunaenda paka kutafuta karatasi ya kuzaliwa.

Nani njo mwenye bajeti

Hapa kuko kitu kimoja chenye kinapotezea watu wakati. Sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya vitengo vya utawala vyenye kujitegemea (namba 08/016, wenye ofisi wanaviita ETD) inahesabu vitengo vine: muji, komini, sekta na sheferi. Kartye haimo. Shefu wa kartye ni mutu wa muhimu, anajua kila nyumba, anasikiliza kesi, lakini hana bajeti yake. Ukimupelekea barua juu ya kanali yenye kujaa mbele ya duka yako, umefanya vizuri kumupatia heshima. Ila ile barua ikiisha kwake, imeisha. Ni lazima ipande ku komini.

Lubumbashi iko na komini saba: Lubumbashi, Kampemba, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na Annexe. Kila moja iko na bajeti yake, na burgumestri wake. Sheria inapatia komini kazi za karibu kabisa na mutu wa biashara: masoko ya komini, njia za ndani na kanali zake, usafi, taa za avenyu. Na inasema baraza la komini, lenye kuchaguliwa kwa miaka 5, njo linapitisha bajeti na kunyuma linakubali ao linakataa hesabu ya ginsi ilitumika.

Ile baraza, kwa miaka mingi ilibaki ku karatasi tu. Ma burgumestri walikuwa wanatumwa kutoka juu. Ni mu kura ya 20 Desemba 2023 njo watu wa miji mikubwa ya provensi walipewa kwa mara ya kwanza, tangu ile sheria itoke, nafasi ya kuchagua washauri wa komini. Wengi wetu tulikuwa na macho ku kura ya prezida na ya ma deputé, ile ya komini tukaifinya haraka ku mashini. Leo uulize watu kumi ku avenyu: mushauri wenu wa komini ni nani? Utapata mumoja ao wawili wenye wanajua. Lakini ule mushauri njo mutu mwenye anapaswa kunyanyua mukono juu ya bei ya tike ya soko. Kujua jina lake na nyumba yake haiombi franga.

Mikono tatu mu mufuko moja

Malalamiko ya kwanza ya watu wa biashara si bajeti, ni ile wingi ya wenye kuomba. Leo mutu wa DGI, kesho mutu wa DRHKAT, kesho kutwa mutu wa komini, kila mumoja na karatasi yake, na siku zingine mutu wa tatu haonyeshe karatasi yoyote.

Tuwatenganishe. DGI ni ya serikali ya Kinshasa: inapokea kodi ya serikali kuu. DRHKAT ni ya provensi ya Haut-Katanga, yenye ilizaliwa kisha Katanga kugawanywa mara ine mu 2015. Komini iko na vyake: patanti ya biashara ndogo, tike ya soko, na takse zingine za pale pale. Liste ya vile provensi na vitengo vyake viko na ruhusa ya kuomba imeandikwa mu Ordonansi-sheria namba 18/004 ya 13 Machi 2018. Kile hakimo mule, hakuna mutu wa komini mwenye anaweza kukiomba, hata awe na muhuri mukubwa namna gani.

Mulango wa kwanza ni huu, na ni mudogo lakini ni wa kweli: watu wa avenyu moja ao wa soko moja wakusanye kila aina ya karatasi yenye walipewa mu mwaka, waziweke pamoja, wazilinganishe na ile liste. Mutu peke yake na tike moja, wanamufukuza. Watu arobaini na bahasha ya tike za miezi sita, wenye wanaonyesha kama takse moja ililipwa mara mbili na majina mawili, hao ni lazima wasikilizwe. Na mushauri wa komini mwenye anataka kura tena atafurahi kupata ile bahasha, juu yeye pia hana mutu wa kumufanyia ile kazi.

Mambo ya patanti, tuseme neno moja. Sheria ya 1979 juu ya biashara ndogo inalinda ile biashara kwa Wakongomani, na patanti njo karatasi yake. Kuko wenye wanakataa kuikamata juu wanaogopa kuonekana. Tunawaelewa. Lakini mutu mwenye haonekane mu kitabu cha komini hawezi kuambia komini nini ifanye. Mwenye patanti anasema: mimi niko namba fulani, nililipa tarehe fulani, sasa nauliza. Ile sauti ni ingine.

Franga ya mugodi yenye inafika ku komini

Tufike sasa ku mambo yenye inagusa zaidi wasomaji wa hii ukurasa, wenye wanafanya kazi ku mugodi na wenye bibi zao wanafanya biashara mu kartye ya karibu na mugodi.

Mu Machi 2018, Sheria ya Madini ilibadilishwa. Mu mambo yenye ilibadilika, kuko mbili zenye zinapaswa kujulikana mu kila nyumba. Ya kwanza ni redevansi, maana yake ile franga yenye kampuni inalipa juu ya bei ya madini yenye inauzisha. Kwa shaba ni 3,5%. Kwa kobalti, tangu iitwe madini ya muhimu sana mu Novemba 2018, ni 10%. Ile redevansi inagawanywa hivi: 50% ku serikali kuu, 25% ku provensi, 15% ku kitengo chenye mugodi uko ndani yake, na 10% ku mufuko wa vizazi vyenye vitakuja. Na ile 15% haipite tena Kinshasa. Kampuni inaitia moja kwa moja ku konti ya kile kitengo.

Tufanye hesabu ya kuonyesha tu. Kampuni ikiuzisha shaba ya bei ya dola milioni 100, redevansi ni dola milioni 3 na nusu. Sehemu ya kitengo ni dola 525 000. Ingekuwa kobalti ya bei ile ile, redevansi ingekuwa milioni 10, na kitengo kingepata milioni 1 na nusu. Ni franga yenye komini zetu hazikuota hata siku moja mu miaka ya tike na patanti. Ku Kolwezi, komini za Dilala na Manika zilibadilika uso wa bajeti juu ya ile 15%. Hapa kwetu, komini zenye ziko na migodi na viwanda kando yao, sawa Ruashi na Annexe, hazifanane tena na Kamalondo yenye haina hata shimo moja la shaba.

Jambo la pili ni dotasioni: kampuni inapaswa kutosha kila mwaka angalau 0,3% ya franga yote yenye iliuzisha, kwa maendeleo ya watu wenye mugodi unawagusa. Ku ile mufano yetu ya milioni 100, ni dola 300 000. Hii haiingie mu bajeti ya komini. Inasimamiwa na shirika lake la kipekee, mwenye ndani kuko watu wa kampuni na watu wenye wanasemea kartye na vijiji. Ikiongezeka juu ya hiyo, kuko kaye ya mizigo, cahier des charges: kampuni inasikilizana na wakaaji juu ya kazi za miaka 5, somo, maji, njia, na inatia sahihi.

Sasa mutazame vizuri nani anaketi ku ile meza ya kusikilizana. Kuko wakubwa wa kimila, kuko watu wa komini, watu wa makanisa, wa mashirika. Watu wa biashara ndogo, wenye njo wanajua njia gani inaharibika mu mvua, soko gani inakosa choo, wapi umeme wa SNEL unakatika wakati mashini ya kusaga inatembea, mara mingi hawamo. Hawakufukuzwa. Hawakujipanga na hawakutuma mutu. Halafu kazi inachaguliwa bila wao, soko mupya inajengwa mbali na njia ya watu, na meza zake zinabaki wazi, wauzaji wanaendelea kuketi chini kando ya barabara. Hii tuliiona mara mingi mu Kongo, na mwenye kulaumiwa si mujenzi peke yake.

Kuingia na jina la kundi

Kuko wenye watasema mulango unajulikana: mufanyabiashara mukubwa anaingia mu siasa, basi. Katanga iko na mufano wake. Moïse Katumbi, mwenye kampuni yake MCK ilikuwa inafanya kazi kwa makampuni ya migodi, alikuwa gavana kutoka 2007 mpaka 2015. Lakini hiyo ni njia ya mutu mumoja mwenye ndege. Mama wa makala ku Katuba hahitaji kuwa gavana. Anahitaji kanali isafishwe mbele ya Novemba, mvua isikuje kubeba makala yake.

Makampuni makubwa na ya katikati iko tayari na sauti yake. FEC, Fédération des Entreprises du Congo, iko na ofisi Lubumbashi, iko na chumba chake cha migodi, na viongozi wanaisikiliza. Kwa wadogo kuko COPEMECO na FENAPEC. Mwenye duka ya vipuri ao garaji ya wafanyakazi watano anaweza kuingia mule. Uzuri wake ni kama wanajua lugha ya ofisi. Ubaya wake, na tuseme bila kuficha, ni kama mambo yenye wanabeba ni zaidi ya wakubwa: kodi ya kuingiza bidhaa, barabara ya Kasumbalesa, umeme wa viwanda. Choo ya soko haifike juu ya meza yao.

Ndiyo maana kundi la pale pale lina kazi. Watu wa soko moja, ao wa avenyu moja, wanaweza kujiunga. Sheria ya 20 Julai 2001 juu ya mashirika (ASBL) inawapatia njia ya kuwa na karatasi. Lakini hata mbele ya karatasi, komite yenye iko na kitabu cha majina, yenye inaandika kile kilisemwa mu kila mukutano, na yenye inabadilisha mutu wa sanduku kila mwaka, tayari ni kitu. Tunaongeza shauri letu: musimuchague kuwa mukubwa wa kundi ule mwenye anatafuta kazi ya kuuzishia komini. Kuko sheria ya 2010 juu ya soko za serikali, na kazi ya komini inapaswa kupita ku mashindano. Mwenye anaomba njia itengenezwe na mwenye atalipwa kuitengeneza hawapaswi kuwa mutu mumoja. Kundi mingi zilikufa hapo hapo.

Hapa tufungue mabano kwa wenye wanachanganya mambo. Sheria ya 8 Februari 2017 juu ya sutretansi, yenye inaomba makampuni ipatie Wakongomani kazi zao za kando (usafi, chakula, kubeba watu, vipuri), ni jambo ingine na mulango ingine: ofisi yake ni ARSP, si komini. Ni ya muhimu kwa biashara za hapa, na siku ingine tutairudilia. Ila kupata kontra ya kulisha wafanyakazi ku mugodi si kuingia mu utawala wa muji, hata kama burgumestri alikuja ku sherehe ya kufungua.

Mbele ya bajeti kuandikwa

Mwaka wa bajeti unaanza tarehe 1 Januari. Maana yake mambo inapikwa mu miezi ya mwisho ya mwaka wenye kutangulia. Watu wetu wanaenda ku komini mu Januari na Februari, wakati mvua imebomoa njia, wanalia, na wanajibiwa: "Haikupangwa mu bajeti." Na ni kweli, haikupangwa. Mutu mwenye anataka kazi ya mwaka kesho aende mu mwezi wa saba ao wa nane, wakati jua ni kali na hakuna mwenye anafikiria kanali.

Kuko fasi ya inchi yetu yenye walijaribu kufungua ile jikoni kwa wote. Mu Kivu ya Kusini, tangu karibu 2011, na musaada wa Banki ya Dunia, komini sawa Ibanda ya Bukavu na vitengo vingine walifanya bajeti shirikishi. Wakaaji walikuwa wanaitwa ku mukutano na mesaji ya simu, wanachagua kazi gani ipite mbele, na kunyuma wanapata mesaji ingine ya kuwaambia nini ilichaguliwa. Wenye walifuata ile kazi waliona kitu kimoja chenye mutu wa biashara haitashangaa: watu walianza kulipa kodi vizuri zaidi, juu waliona kile inafanya. Haikuwa paradizo. Franga ya kutoka juu ilikuwa inachelewa, na mara zingine kazi yenye watu walichagua ilibaki ku ukuta tu. Katiba, mu kifungu cha 175, inasema 40% ya mapato ya inchi ni ya provensi, na sheria ya 2008 inasema 40% ya ile sehemu ni ya vitengo vya chini. Kila burgumestri wa Kongo atakuambia ginsi anaingojea. Lakini hata na ile kidogo, Bukavu walionyesha kama kuuliza watu haivunje komini.

Ku Lubumbashi, kitu cha kufanana kinaweza kuanza bila banki. Komite ya soko inaomba burgumestri saa moja tu, mbele bajeti haijaandikwa, inaleta vitu viwili ao vitatu vyenye wanachama walichagua, na bei yake. Vitatu, si kumi na tano. Mwenye analeta kumi na tano anasaidia ofisi kuchagua kile cha rahisi, mara mingi kupaka rangi.

Zawadi na kazi

Jambo moja linatusumbua. Mu kartye mingi, watu wa biashara wanafanya tayari kazi ya komini. Wanachanga, wanaleta mawe mu shimo la barabara, wanalipa mulinzi wa usiku, wananunua kable ya umeme, mara zingine wanachangia transfo ya kartye nzima. Siku ya salongo wanatoa makoleo. Ni vizuri. Lakini inafanywa kimya, na mwaka kesho komini inaandika mu bajeti kazi ile ile sawa vile hakuna mutu aliigusa. Ukifanya kazi ya komini, iandike: barua ndogo ku burgumestri, "tumetia mawe ku avenyu fulani, tarehe fulani, kwa franga fulani", na sahihi za wenye walichanga. Usijikatie mwenyewe ile franga mu kodi yako, hiyo itakuletea matata. Lakini ile barua inazuia kazi moja kulipwa mara mbili, na inafanya muchango wenu kuwa neno mu mazungumuzo ya mwaka wenye kufuata.

Makampuni makubwa nayo iko na tabia yake: inatoa motokari ku komini, inajenga chumba cha ofisi, picha inapigwa. Zawadi ya namna hiyo haiandikwe mu kaye ya mizigo, haipite mu baraza, na inatia burgumestri mu deni la mutu mwenye anapaswa kumuchunga. Kama mutu wa kampuni anasoma hapa: njia yenye sheria ilichonga, ile 15% na ile 0,3%, inatosha kuonyesha upendo. Lipeni yote, mulipe siku yake, mutangaze ngapi. ITIE-RDC inatosha ripoti za malipo ya migodi, na mashirika ya hapa sawa AFREWATCH inazisoma na inaweza kusaidia kundi lenu kuzielewa. Mutoto mwenye anasoma iniversite anaweza kuzifungua ku simu.

Barua na muhuri

Basi, kwa mwenye anataka kuanza hii juma. Karatasi ya kwanza ya kuomba ku komini si ruhusa, ni kopi ya bajeti ya mwaka huu. Mutazame laini mbili: mule kunaandikwa ngapi imeingia kutoka ku masoko na patanti, na kama komini yenu iko na mugodi, ngapi imeingia kutoka ku redevansi. Kisha mutazame ngapi imeandikwa kurudia ku soko. Ile namba tatu zinatosha kwa mukutano wa kwanza wa komite.

Muende wawili ao watatu, musiende kumi na makelele. Museme salamu zenu vizuri: "Papa burgumestri, sisi ni watoto wenu wa soko fulani, tumekuja kujifunza." Hakuna mutu mwenye anapoteza kitu juu ya heshima. Mukijibiwa kama mwenye kazi ameenda, ao murudie kesho, musirudie na mikono mitupu: muache barua, na mubaki na kopi yenye muhuri wa kupokea na tarehe. Bila ule muhuri, barua yenu haikufika, hata kama muliitia mu mukono wa mutu.

Na mu ile barua mutaje kifungu cha 27 cha Katiba. Kinasema kila Mukongomani, peke yake ao pamoja na wengine, iko na haki ya kuandikia mukubwa wa serikali ombi, na ule mukubwa anapaswa kujibu mu miezi mitatu. Kinaongeza kama hakuna mutu anaweza kushitakiwa, kwa namna yoyote, juu alileta lile ombi. Muhesabu ile miezi mitatu kuanzia tarehe ya muhuri. Ikipita bila jibu, barua ya pili, na kopi ya ile ya kwanza ndani, inaenda ku meya, na ingine ku mushauri wenu wa komini.